Safari chache katika pwani ya Pasifiki ya Marekani: neno « mbali » katika sheria ya meli za abiria

Mwanafunzi mmoja wa semina yetu ya tafsiri alipewa kazi ya kufasiri tangazo la safari za meli za matembezi za Marekani. Alirudi akiwa na mashaka. Kwa mujibu wa tangazo lile, katika majira ya joto meli huondoka Seattle kila wiki kwenda Alaska na kurudi. Nyingine huondoka Los Angeles kwenda Meksiko na kurudi. Lakini safari inayofuata pwani yenyewe, kutoka Los Angeles kupitia San Francisco kuelekea kaskazini, ilitajwa mara chache mno, nyingi zikiwa za Aprili na Mei, au za Septemba na Oktoba. La ajabu zaidi ni kwamba safari hizo hazikuishia Seattle, bali zilivuka mpaka na kuishia Vancouver, katika nchi ya Kanada. Akauliza kama alikuwa amekosea kufasiri. Hakuwa amekosea. Maneno aliyafasiri sawasawa. Kilichomponyoka ni sheria iliyojificha nyuma ya maneno hayo, na ambayo tangazo halikuitaja hata mara moja.

Makala haya yanakusudia kuieleza sheria hiyo pamoja na sababu nyingine zinazoandamana nayo. Tumeona inafaa kuyaandika katika jarida la taaluma ya Kiswahili kwa kuwa, kama tutakavyoona, ugumu wote umefungwa katika neno moja, na neno hilo ni la kawaida kabisa: « mbali ».

Tuanze na bahari, kwani watu wengi wakiulizwa swali hili hujibu kwa kuitaja bahari. Kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, pwani ya majimbo matatu ya California, Oregon na Washington ina urefu wa kilomita zipatazo 2,000. Katika urefu huo bandari zinazoweza kupokea meli kubwa bila taabu ni chache: San Diego, Los Angeles na jirani yake Long Beach, San Francisco, kisha ile ghuba ndefu inayoingia hadi Seattle. Kati ya San Francisco na Seattle kuna mdomo wa mto Columbia, na juu yake mji wa Astoria. Lakini mahali maji ya mto yanapokutana na mawimbi ya bahari pana fungu la mchanga lenye sifa mbaya, ambapo kila meli kubwa huongozwa na rubani wa mahali pale. Mabaharia wamepaita makaburi ya Pasifiki. Mahali kama Santa Barbara hapana gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje, na abiria hupelekwa ufukoni kwa mashua ndogo. Bahari ikichafuka, mashua haziteremshwi, na abiria huishia kuutazama mji kutoka sitahani.

Isitoshe, bahari hiyo ni baridi. Mkondo wa California hushuka kutoka kaskazini ukichukua maji ya baridi, na katika majira ya joto, wakati watu wa bara wanaungua jua, San Francisco hufunikwa na ukungu. Katika majira ya baridi dhoruba hutoka upande wa visiwa vya Aleuti. Mtu aliyelipa fedha zake ili aote jua na kuogelea hawezi kushawishika kwa urahisi kuchagua pwani hii na kuacha visiwa vya Karibi. Tena umbali nao una hesabu yake. Meli ikiondoka Miami jioni, asubuhi iko Bahama. Kutoka Los Angeles hadi San Francisco ni maili za baharini zipatazo 370, yaani karibu siku nzima ya mwendo. Meli iondokayo Seattle huweza kwenda Alaska na kurudi kwa siku 7. Ile iondokayo San Francisco huhitaji siku 10 au zaidi, na mfanyakazi wa Marekani mwenye likizo ya wiki moja hana siku 10.

Serikali za mahali nazo zimeongeza masharti. Tangu 2015, meli zote katika eneo la maili 200 kutoka pwani za Marekani na Kanada hulazimika kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.1, au kusafisha moshi wao kwa mitambo, jambo linalozidisha gharama. Mwaka 2023 baraza la mji wa Monterey liliamua kuacha kutoa huduma kwa abiria wanaoshuka kutoka meli hizo, kwa sababu ya hofu juu ya usafi wa ghuba yao ambayo ni hifadhi ya viumbe vya bahari.

Sababu hizi ni za kweli. Hata hivyo, hazitoshi. Pwani ya Alaska ina baridi kuliko California, ina ukungu na mvua, na bado hupokea zaidi ya abiria milioni moja kwa mwaka mmoja. Na kama tatizo lingekuwa bahari, ile safari ya Los Angeles hadi Vancouver nayo isingekuwapo, maana inapita katika maji yale yale, mbele ya miji ile ile. Kwa nini basi meli ipite mlango wa kuingilia Seattle, iende kuwashusha abiria Kanada, na wengi wao wapande basi kurudi Seattle mwendo wa kilomita zipatazo 230?

Jibu ni sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1886. Sheria hiyo inahusu meli za abiria, na haina budi kutofautishwa na ile ya mwaka 1920 inayohusu shehena, ambayo ni mashuhuri zaidi na ambayo waandishi wengi huichanganya na hii. Kwa ufupi inasema kwamba meli ya kigeni haina ruhusa ya kuchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya Marekani. Kazi hiyo imewekewa meli zilizojengwa Marekani, zinazomilikiwa na Wamarekani na kupeperusha bendera ya nchi hiyo. Faini ya kwanza ilikuwa dola 2 kwa kila abiria. Mwaka 1898 ilipandishwa kuwa dola 200. Siku hizi, baada ya kurekebishwa kufuatana na kupanda kwa bei, imepita dola 800. Zidisha kiasi hicho kwa abiria 3,000 wa meli moja, utaelewa kwa nini hakuna kampuni inayothubutu kuipuuza.

Wafaransa, na sisi katika Kongo tulioirithi istilahi yao, huita biashara ya namna hii kabotaji. Kamusi zetu zikijitahidi huandika « biashara ya pwani » au « usafiri wa pwani ». Ninaona tafsiri hiyo inapotosha. Hawaii iko katikati ya bahari, umbali wa kilomita zipatazo 3,800 kutoka California. Meli iendayo huko haifuati pwani yoyote. Hata hivyo safari ya San Francisco hadi Honolulu ni kabotaji mbele ya sheria, kwani bandari zote mbili ni za Marekani. Kinachotazamwa si pwani bali ni bendera inayopepea juu ya bandari mbili, ile ya kupandia na ile ya kushukia. Afadhali tuseme « uchukuzi wa bandari za nchi moja », au tulipokee neno kabotaji kama lilivyo na kulieleza.

Sasa tufike kwenye neno letu. Wasimamizi wa forodha wa Marekani, katika kuitekeleza sheria hii, wameziweka safari katika mafungu. Ikiwa meli ya kigeni inarudi bandari ile ile ilikotoka, inatosha iguse bandari yoyote ya kigeni njiani, hata iliyo karibu. Lakini ikiwa inaanzia bandari moja ya Marekani na kuishia nyingine, basi sharti iguse bandari ya kigeni iliyo « mbali ». Msomaji wa kawaida atadhani mbali ni jambo la kilomita. La hasha. Mbali, katika kanuni hiyo, haipimwi, inaorodheshwa. Bandari zote za Amerika ya Kaskazini, za Amerika ya Kati, za Bermuda, za Bahama na za visiwa vya Karibi ni za « karibu », isipokuwa visiwa vitatu, Aruba, Bonaire na Curaçao, ambavyo vinahesabiwa pamoja na Amerika ya Kusini kwa kuwa vinakaa mbele ya pwani ya Venezuela. Nchi nyingine zote za dunia ni za « mbali ».

Matokeo yake ni kwamba Aruba, ambayo haifiki kilomita 2,000 kutoka Miami kwa mstari wa ndege, ni mbali. Nayo Panama, ambayo kutoka Seattle ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa njia ya bahari, ni karibu. Mwanaisimu hawezi kulalamika sana, kwani kila lugha ya sheria hulitwaa neno la watu na kulipa maana yake yenyewe. Lakini mfasiri asiyelijua jambo hilo ataandika sentensi ambayo kila neno lake ni sahihi, na bado msomaji wake asielewe lolote.

Twaweza sasa kuirudia ramani. Upande wa Atlantiki, meli inayotoka Florida kwenda Los Angeles kwa kupitia mfereji wa Panama hukutana na Aruba au Cartagena ya Kolombia njiani mwake. Inaigusa, sheria inatimizwa, na abiria wanashuka California bila neno. Upande wa Pasifiki, kati ya San Diego na Seattle hakuna bandari ya mbali. Juu kuna Kanada, ambayo ni karibu. Chini kuna Meksiko, nayo ni karibu. Ukiendelea kushuka nchi zote za Amerika ya Kati ni za karibu, mpaka ufike Kolombia au Ekwado. Ama sivyo uvuke bahari nzima kuelekea Asia na visiwa vya kusini. Hakuna mtu atakayeipeleka meli Ekwado ili kumtoa abiria Los Angeles na kumfikisha Seattle.

Hivyo kumebaki milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni kuanza au kumalizia safari katika nchi ya kigeni, maana safari kati ya Kanada na Marekani si kabotaji. Ndiyo maana ya Vancouver. Na hapa ndipo inapoeleweka pia sababu ya miezi ile michache. Meli hizi hufanya kama wafugaji wanaohamisha ng'ombe kufuata malisho: majira ya baridi ziko Meksiko, Karibi au kwingineko kwenye joto, majira ya joto ziko Alaska. Mara mbili kwa mwaka hazina budi kupita pwani hii, na badala ya kupita tupu, huuza vyumba. Safari ya siku chache kati ya Los Angeles na Vancouver, basi, kwa sehemu kubwa ni uhamisho wa meli uliotafutiwa abiria.

Mlango wa pili ni duara. Meli iondokayo San Francisco ikatembelea Santa Barbara, Los Angeles na San Diego hulazimika kuendelea hadi Ensenada, mji wa Meksiko ulio kusini kidogo ya mpaka, kabla ya kurudi ilikotoka. Meli iondokayo Los Angeles kwenda Hawaii na kurudi nayo huigusa Ensenada mwishoni, baada ya siku nyingi za maji matupu. Zile za Seattle hugusa Victoria, katika kisiwa cha Vancouver. Zamani kidogo, kuanzia 2001, kampuni moja iliyotaka kuzungusha meli ya kigeni katika visiwa vya Hawaii ilitafuta bandari ya kigeni ikaipata Tabuaeran, kisiwa kidogo cha matumbawe cha nchi ya Kiribati, zaidi ya kilomita 1,500 kusini ya Honolulu. Kila wiki meli ilikwenda na kurudi umbali huo ili abiria wake wapate haki ya kuitazama milima ya Hawaii.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kulipa. Sheria haitazami tiketi, inatazama meli. Mtu akipanda meli Seattle, akaenda nayo hadi Vancouver, kisha akanunua tiketi nyingine ya meli ile ile kutoka Vancouver hadi Los Angeles, yeye anadhani amefanya safari mbili, na kila moja ni halali. Wasimamizi husema meli moja imemtoa Seattle ikamfikisha Los Angeles; hiyo ni kabotaji, na faini yake hulipwa na kampuni, ambayo kwa kawaida humdai abiria. Lakini akishuka Vancouver na kupanda meli nyingine iliyo kando yake katika gati lile lile, hana kosa lolote. Kadhalika abiria wa safari ya duara ambaye anaugua au anapata msiba na kushuka moja kwa moja katika bandari nyingine ya Marekani huleta tatizo hilo hilo.

Mtu atauliza: kwa nini Wamarekani wasijenge meli zao wenyewe? Sheria inawafungulia njia. Swali ni zuri, na jibu lake ni chungu kwa wale wanaoitetea sheria. Meli kubwa za abiria za mwisho kujengwa zote nchini Marekani kwa ajili ya bahari kuu, Argentina na Brasil, zilikamilika mwaka 1958. Tangu hapo kazi hiyo imehamia Italia, Ujerumani, Ufaransa na Ufini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilifanyika jaribio la kuifufua katika kiwanda cha Pascagoula, jimbo la Mississippi, ambako meli mbili ziliagizwa kwa ajili ya Hawaii. Kampuni iliyoziagiza ilifilisika mwaka 2001. Mwili wa meli ya kwanza, ambao haujakamilika, ulinunuliwa na kampuni nyingine, ukakokotwa kuvuka Atlantiki hadi Bremerhaven, Ujerumani, ukamaliziwa huko. Na mwaka 2003 Bunge likatoa ruhusa maalumu ili uhesabiwe kuwa wa Kimarekani. Meli hiyo, Pride of America, ilianza kazi mwaka 2005, na mpaka leo ndiyo meli kubwa pekee ya namna hii yenye bendera ya Marekani. Kwa hiyo huzunguka Hawaii bila kugusa nchi ya kigeni. Mabaharia wake hulipwa mishahara ya Kimarekani, na hapo ndipo makampuni mengine, yenye bendera za Bahama, Panama au Bermuda na mabaharia kutoka Ufilipino, Indonesia na India, yanaposhindwa kuiga mfano.

Meli ndogo za Kimarekani zipo. Kuna zinazopanda mto Columbia zikiwa na abiria mia moja au mia mbili, na kuna vivuko vya jimbo la Alaska vinavyotoka Bellingham, katika jimbo la Washington, kwenda Ketchikan bila kuitazama Kanada ila kwa macho. Maji ni yale yale; bendera tu ndiyo tofauti.

Kwa miaka mingi mambo haya yalionekana kuwa kero ya matajiri walio likizoni, na mtu wa Lubumbashi angekuwa na haki ya kuuliza yanamhusu nini. Mwaka 2020 yalionyesha uso mwingine. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kanada ilifunga bandari zake kwa meli kubwa za abiria, na Februari 2021 ikatangaza kwamba zingefungwa hadi Februari 2022. Alaska yenyewe ilikuwa tayari kupokea wageni. Seattle ilikuwa tayari kuwatuma. Lakini bila Victoria au bandari nyingine ya Kanada kati yake, hakuna meli ya kigeni iliyoweza kwenda kutoka mji mmoja wa Marekani kutembelea mingine na kurudi. Mji wa Skagway, wenye wakazi wapatao elfu moja tu na uliozoea kupokea mamia ya maelfu ya abiria kila mwaka, ulikaa na maduka yaliyofungwa. Watu walihama. Serikali ya nchi jirani ilikuwa imeshika, pasipo kukusudia, ufunguo wa riziki ya mji usio wake.

Tarehe 24 Mei 2021 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria ya muda. Njia iliyotumiwa na watunga sheria inamfaa sana mwanafunzi wa semantiki: hawakuifuta sheria ya 1886, wala hawakuzipa meli bendera ya Marekani. Walitamka tu kwamba safari kati ya jimbo la Washington na Alaska, kwa meli zilizokubaliwa, itahesabiwa kuwa safari ya nje ya nchi. Julai ya mwaka ule meli zikaanza kuondoka Seattle moja kwa moja. Wakati huo huo seneta Mike Lee wa Utah, jimbo lisilo na bahari, alipendekeza miswada ya kuiondoa sheria ya zamani kabisa; haikupita. Wanaopinga ni vyama vya mabaharia na wenye viwanda vya meli, ambao wanahofu kwamba ukuta wa abiria ukibomolewa, ule wa shehena wa mwaka 1920 utafuata. Hofu yao haikosi msingi, ijapokuwa kwa upande wa meli kubwa za abiria ni vigumu kuona ni kiwanda gani kinachokingwa. Victoria nayo ilikuwa na hofu yake, kwamba meli zikizoea kupita bila kusimama hazitarudi.

Kanada ilifungua bandari zake Novemba 2021, na ile ruhusa ya muda ikakoma. Katika Aprili 2022 meli zilianza kufika Victoria tena. Nyingi za zile zinazotoka Alaska huingia jioni ya siku ya mwisho na kuondoka usiku huo huo. Wako abiria wanaoshuka kutembea dakika chache mbele ya majengo ya bandarini yaliyowashwa taa; wako wengine wanaobaki mezani wakimaliza chakula chao, kwani mizigo imekwisha kufungwa na asubuhi watakuwa Seattle.